Jemimah Jerotich na Kichwa cha Mbao

Wasikilizaji wapendwa, popote mnapotusikia hapa Marekani, Columbus, Louisville, Buffalo, kwenye gari mkielekea shifti au jikoni mkikaanga vitunguu, punguzeni moto kidogo mtusikilize. Leo tunamkumbuka Jemimah Jerotich. Alifariki hapa Columbus wiki mbili zilizopita, kwa kiharusi, akiwa na miaka sitini na minne. Jemimah Jerotich. Watu wa mtaa wa Northland mnamjua kama Mama Natasha, muuguzi, yule mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo, aliyefanya kazi katika nyumba ya wazee kwa miaka ishirini na miwili.

Wengi mlijua pia kwamba alikulia Uingereza. Mlikuwa mkimtania kanisani: "Wewe Mama Natasha ulilelewa na Wazungu, kila mwaka likizo ufukweni. Ulikula raha!" Naye alikuwa anajibu, "Nilikula mchanga." Mlicheka. Yeye hakucheka.

Leo tunawaambia kwa nini hakucheka. Mwenyewe alitaka isemwe. Alimwachia binti yake Natasha, anayeishi Louisville, karatasi kumi na moja zilizoandikwa kwa mkono. Akamwambia, "Nikiondoka, zisomwe kwa Kiswahili. Na zisilainishwe." Basi hatutazilainisha.

Jemimah alizaliwa London mwaka 1961. Baba yake alikuwa anasoma uhandisi, mama yake alikuwa anasomea uuguzi. Chumba chao kilikuwa kimoja, na mwenye nyumba hakutaka mtoto. Siku hizo wanafunzi kutoka Afrika walikuwa na njia yao. Walitafuta familia ya Kizungu huko mashambani iwalelee mtoto mpaka masomo yaishe. Hivyo Jemimah, miaka mitatu, akapelekwa kijijini kwa Bi Tapsell na mumewe. Walikuwa na binti yao mmoja, Gillian, aliyemzidi Jemimah miaka mitatu. Alikaa nao miaka sita. Miaka sita, wasikilizaji. Wazazi walikuja kumwona Jumapili moja kwa mwezi.

Ndugu yake mdogo, Kipkoech, yuko Buffalo. Alitusimulia hivi: "Kitu cha kwanza dada alikuwa anakumbuka ni maji. Jumamosi walioga kwenye karai la bati, jikoni. Mzee Tapsell kwanza, halafu mkewe, halafu Gillian. Halafu mbwa. Halafu dada yangu. Maji ni yale yale! Yamepoa, yana utando wa kijivu, manyoya yanaelea juu. Dada alisema akitoka hapo alikuwa ananusa mikono yake, na mikono inanuka mbwa."

Kijiji hicho, ukikiona kwenye kalenda, utatamani kuhamia. Nyumba za mawe, maua dirishani, kanisa lenye mnara mfupi. Jemimah alikikumbuka kwa pua. Mafuta ya nguruwe yaliyoganda kwenye kikaango, yakiyeyushwa na kugandishwa tena wiki nzima. Choo cha nje kilichofurika mvua ikinyesha. Wanawake waliomsimamisha njiani, wakalamba kidole gumba, wakamsugua shavu kwa mate yao kuona kama rangi inatoka. Mate ya watu wasiomjua. Aliyafuta kwa mkono wa sweta, na Bi Tapsell akamchapa kwa kukosa adabu.

Kila Agosti familia ilipanda treni kwenda mji wa pwani, wiki moja. Kwa Gillian hiyo ilikuwa pepo. Jemimah ameandika: "Bahari ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo." Ameandika kuhusu vazi la kuogelea la sufu, lililofumwa nyumbani, ambalo likilowa liliteremka hadi magotini na kuwasha ngozi. Ameandika kuhusu mkate uliopakwa rojo la samaki, likiwa limechanganyika na mchanga. Na ameandika kuhusu konokono wa baharini.

Waliuzwa ufukweni kwenye vibakuli, wamelowekwa kwenye siki. Bi Tapsell aliwachokoa kwa pini. Mmoja alitoka kwenye gamba lake polepole, ananyumbuka kama kamasi, na Bi Tapsell akaisogeza ile ncha ya pini kwenye mdomo wa Jemimah.

"Meza," alisema. "Kwenu si mnakula wadudu?"

Watu waliokaa kwenye viti vya turubai waligeuka kutazama. Jemimah alikuwa na miaka sita. Alimeza. Hata miaka hamsini baadaye, mtu akifungua chupa ya siki mezani, Jemimah alikuwa anainuka na kwenda kusimama nje.

Walipanga chumba katika nyumba ya wageni, nyumba ile ile kila mwaka. Mwenye nyumba alimpa Jemimah taulo lake peke yake, lenye uzi mwekundu pembeni ili lisichanganywe na mengine. Asubuhi ya kuondoka, Jemimah alirudi chumbani kuchukua kandambili zake. Akamkuta mwenye nyumba anavua shuka la kitanda chake. Hakulishika kwa mkono. Alilishika kwa koleo la makaa.

Wasikilizaji wapendwa, mtoto wa miaka sita hawezi kujua kwamba kinyaa kile ni ugonjwa wa yule mwanamke. Alidhani ni uchafu wake yeye. Siku hiyo, kabla ya treni, alijisugua miguu kwa mchanga wa ufukweni mpaka ikatoka damu.

Sasa tufike kwenye kichwa.

Mwaka 1968 Jemimah alikuwa na miaka saba. Miaka saba. Kijiji kilikuwa na sherehe ya kila mwaka kwenye uwanja wa kanisa, na mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa kutupa mipira ya mbao kulenga kichwa kilichochongwa, kikiwa na kiko cha tumbaku mdomoni. Ukivunja kiko, unapata zawadi. Mwaka huo kichwa cha zamani kilikuwa kimepasuka. Bwana Tapsell, aliyekuwa seremala, aliombwa achonge kipya.

Alimkalisha Jemimah kwenye stuli ya jikoni siku tatu. "Tulia, tunakutengenezea sanamu yako," alimwambia. Jemimah alitulia. Hakuwahi kutulia hivyo maishani. Shingo ilimuuma na hakuigusa. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumtazama usoni muda mrefu kiasi hicho, na alifurahi, wasikilizaji, alifurahi mno. Gillian aliruhusiwa kupaka rangi: nyeusi tii, midomo myekundu imevimba hadi kidevuni. Jemimah hakuonyeshwa. Aliombwa tu utepe wake wa njano wa nywele. Akautoa mwenyewe, kwa mikono miwili.

Siku ya sherehe alikiona juu ya nguzo, kina kiko mdomoni na utepe wake kichwani. Kijiji kizima kilikuwa kimepanga foleni. Mchungaji alikuwepo. Mwalimu wake alikuwepo. Bi Tapsell akampa mpira na kusema kwa sauti, "Anayefanana nacho aanze!"

Jemimah alitupa. Akapiga. Kiko kikavunjika. Watu wakapiga makofi, wakamwinua juu, wakampa kopo la tofi. Alizila zote nyuma ya kanisa, moja baada ya nyingine, kisha akazitapika kwenye nyasi. Kwenye karatasi zake ameandika: "Wengine wote walinitia kinyaa. Lakini mkono uliotupa ulikuwa wangu, na huo ndio niliotembea nao."

Miaka miwili baadaye wazazi walimaliza masomo wakarudi Eldoret naye. Alifika hajui Kiswahili wala Kikalenjin. Alijifunza vyote. Mwaka 1986 akaja Buffalo kusomea uuguzi kama mama yake. Wenzake walipoenda ufukweni mwa ziwa, yeye alibaki kwenye gari na vioo juu. Aliolewa, akamzaa Natasha, akafiwa na mume, akahamia Columbus. Yaliyompata Uingereza hakumsimulia mtu ila ndugu yake.

Mwaka jana ikaja barua kutoka kwa Gillian. Kijiji kilikuwa kinatoa kitabu cha kumbukumbu: sherehe za zamani, likizo za ufukweni. Gillian aliandika, "Ulikuwa na furaha sana kwetu. Tuandikie chochote."

Jemimah akaandika. Kurasa kumi na moja. Alizituma, akabaki na nakala. Kitabu kilipofika, kurasa kumi na moja zilikuwa zimekuwa mistari miwili, chini ya picha ya uwanja wa kanisa: Jemimah anakumbuka bahari, na jinsi alivyoshinda tofi.

Rafiki yake Emérence, aliyefanya naye kazi, alikuwepo siku hiyo. Emérence ni mama wa Bukavu, Kongo, tumwache aseme kwa lugha yake. "Bon, miye nilidhani mama anagonjwa. Alishika ile kitabu mbali na mwili, ni kama mutu anashika panya yenye ilikufa. Akaniambia, 'Emérence, wametafuna maneno yangu wakayatema.' Donc akatafuta simu."

Natasha alikuwa amekuja kutoka Louisville wikendi hiyo. Simu kwa Gillian iliwekwa kwenye spika.

"Lakini Jemimah, ulikuwa mchezo tu," Gillian alisema. "Mama alikupenda."

"Nilikuwa na miaka saba, Gillian."

"Na mimi nilikuwa na kumi."

"Ndiyo. Na sasa una sitini na saba."

Gillian akasema kichwa bado kipo, kimewekwa kwenye kabati la kioo katika ukumbi wa kijiji, na watalii wanakipenda. Jemimah alifunika mdomo kwa mkono.

"Kitoe," Jemimah alisema.

"Si changu, ni cha kijiji."

"Utepe si wa kijiji. Utepe ni wangu."

Wiki tatu baadaye ikaja bahasha. Ndani, utepe wa njano, umekakamaa, upande mmoja umeshikana na rangi nyeusi. Barua haikuwemo. Emérence alishauri uchomwe. Jemimah akakataa: "Nisinukishe nyumba yangu." Asubuhi alienda nao kazini. Akavaa glavu. Akautumbukiza kwenye lile pipa jekundu linalowekwa bandeji za vidonda na taka zenye vijidudu, akafunga kifuniko. Kisha akanawa mikono hadi viwiko, akaingia kwa mgonjwa wake wa kwanza.

Kichwa hakikutolewa. Mpaka leo kipo kwenye kioo, huko. Na Jemimah alipofariki, Gillian alimtumia Natasha ujumbe kwamba hajapata kuona mtoto mwenye furaha kama Jemimah. "Niliusoma mara moja," Natasha alituambia. "Nikaufuta. Sikutaka ukae kwenye simu yenye picha za mama."

Tulimuuliza Natasha kama mama yake aliwahi kuwalaumu wazazi wake. Akasema hapana, ila siku moja, wakikunja nguo, alisema hivi: "Kila mwezi waliniuliza kama nina adabu. Hakuna aliyeniuliza kama wale watu wana adabu."

Kwa Natasha, kwa Kipkoech na wote wa nyumba yake, kwa Emérence na wauguzi wenzake, kipindi hiki kinawapa pole kwa moyo wote. Mungu amlaze Jemimah Jerotich mahali safi.

Nasi tuliobaki, tujitazame. Wengi wetu shifti inaanza alfajiri, na mtoto tunamwacha kwa mtu. Hatuna njia nyingine, na wanaotusaidia wengi ni wema. Lakini leo ukimchukua mtoto wako, usianze kwa kumuuliza kama alitulia. Muulize walimfanyia nini, walimwita nani, walimlisha nini. Akijibu kwa Kiingereza, usimkatize. Mngoje amalize.