Bundi Wametwaa Kombe

Benchi letu liko ghorofa ya chini ya jengo tunaloishi, mtaa wa St. James Town hapa Kanada, mkabala na chumba cha kufulia. Anayengoja mashine hukaa hapo, na asiye na nguo za kufua hukaa pia, kwa sababu ya kahawa ya tangawizi ya Anverali. Jumatatu ile mume wangu Ndegwa, wanayemwita Kapteni, alivaa fulana ya chuo chake yenye picha ya bundi. Jumamosi timu yao ya ule mpira wa Kanada, wa helmeti na kubebwa kwapani, ilitwaa kombe la kwanza tangu aanze kuishabikia miaka ishirini na miwili iliyopita. Mfukoni alikuwa na fomu. Aliacha chuo Valerie wetu alipozaliwa, akiwa amebakiza kozi mbili. Sasa wamekubali arudi kuzimaliza, mradi akatie saini mbele ya msajili kabla ya saa kumi na nusu siku hiyo hiyo. Ilikuwa saa tisa. Kutoka kwetu hadi chuoni ni nusu saa kwa treni.

— Tumeshinda! Kapteni alisema, mara ya kumi.

— Baba Valerie, fomu, nikamwambia.

— Namaliza kikombe tu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nimekubali miaka ishirini na miwili. Kuna mshindani kama mimi hapa?

Cheruiyot, tunayemwita Kilomita kwa sababu hupanda lifti hata kwenda ghorofa ya kwanza, akatikisa kichwa.

— Shida ilikuwa huyo bundi, bana. Unamweka bundi kifuani halafu unatafuta ushindi? Kwetu akilia juu ya paa, watu wanahama.

— Sasa mbona tumeshinda naye?

— Amezeeka. Zamani alikuwa anawaroga nyinyi. Siku hizi haoni vizuri, anaroga yeyote aliye karibu.

Anverali, ambaye jina lake hapa ni Jaji, akaweka kikombe chini.

— Wacha ushirikina, wewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Huo ushindi umeundwa.

— Na nani, Jaji?

— Wakubwa wa jiji. Wautaka ule uwanja wa chuo wajenge maghorofa. Ukitaka kumnyang'anya mtu, kwanza mpe kombe.

— Tumeshinda kwa mkwaju wa sekunde ya mwisho! Mpira uligonga mlingoti ukapita!

— Na mlingoti ni wa nani?

Saa kumi kasorobo mashine yangu ilisimama. Nikahamishia nguo kwenye kikaushio. Niliporudi walikuwa wamemimina tena, na mume wangu alikuwa akitoa siri yenyewe ya ushindi.

— Ni mimi. Mwaka fulani tulikuwa tunaongoza, nikaenda chooni, tukapigwa. Tangu siku hiyo siendi chooni mechi ikiendelea.

— Hata Jumamosi?

— Masaa matatu, Kilomita! Kibofu hiki kimebeba chuo kizima.

— Nacho kimepewa medali?

— Baba Valerie, treni, nikasema.

— Mama Valerie, niache nile raha. Nimekula shubiri miaka mingapi? Subira huvuta heri.

— Haivuti treni.

Hapo akaingia Zahraa na kapu lake la nguo, binti aliyehamia ghorofa ya tisa wiki mbili zilizopita kutoka Dar.

— Shikamooni. Mmeshindaje?

— Tumeshinda ishirini na nne kwa ishirini na mbili!

Binti akasimama. Yeye alikuwa ametusalimu tu. Kilomita alicheka hadi kahawa ikampalia.

— Si mgonjwa huyu, mwanangu, Jaji akamwambia. Chuo chake kimetwaa kombe. Kile cha bundi.

— Aa! Hongera sana, mjomba. Na mimi nimeomba nafasi hapo hapo. Wewe ulimaliza mwaka gani?

Kilomita akageukia mashine. Jaji, asiyekosa jibu, akafungua themosi na kuchungulia ndani. Ndegwa akanitazama mimi. Mama yake huuliza hilo kwenye simu kila Krismasi, dada zangu huuliza, mchungaji ameuliza, na siku zote mimi ndiye ninayelijibu. Anamalizia, huwa nasema. Nimelisema hadi Valerie mwenyewe sasa anatafuta chuo.

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi; treni ya nusu saa isingemfikisha tena kwa msajili. Neno lile lile lilikuwa tayari mdomoni. Sikulitoa. Nikanyanyua kapu, nikaenda kuangalia kama taulo zimekauka.