Diplome Niliyoificha Ili Nipate ya Pili

Amahoro, ndugu zangu. Amahoro na ninyi mama zangu wa kule nyuma mnaopenda kukaa karibu na mlango. Nimepewa dakika kumi za ushuhuda, na mzee wa zamu amenionyesha saa yake mara mbili kabla sijasimama hapa, kwa hiyo ananijua. Nitajitahidi. Nilichowaletea leo ni aibu yangu, na baada ya aibu kuna jambo ambalo mpaka asubuhi hii linanishangaza. Nikilifikiria, chai inapoa mkononi.

Wengi mnajua kwamba nimerudi kutoka Tanzania. Tulikimbia nikiwa mgongoni mwa mama. Nilikulia kambini, nikamaliza sekondari kambini kwa jina la nyumbani, hili mnaloniita. Halafu familia moja ya mjini Kigoma ikanichukua kama binti yao, wakanisomesha chuo kikuu, na kule nikaandikwa kwa jina lao. Ninyi mliokuwa ukimbizini hamshangai. Nani kati yetu hana majina mawili? Haya, naona mnacheka, nami nacheka nanyi.

Nikapata lisansi, digrii kama tulivyosema kule, ya maendeleo ya jamii. Kabla ya kurudi Burundi nilikwenda mahakamani kula kiapo, wakanipa karatasi yenye muhuri inayosema kwamba mwenye jina la kwenye diplome, yaani cheti cha digrii ile, na mwenye jina la nyumbani ni mtu mmoja. Bila karatasi hiyo, diplome ile ni ya mtu mwingine kabisa. Shikeni hapo, maana hapo ndipo shetani alipokuja kuketi.

Nilifika Rumonge na diplome yangu na Kifaransa cha kuombea maji. Kazi ya maendeleo ya jamii niliitafuta mpaka viatu vikaisha. Mwishowe nikapata kazi kwenye santere, kituo cha afya, ya kuandika mama wajawazito kwenye daftari. Jina, umri, kilima, yaani kijiji, anakotoka, mimba ya ngapi. Nilikaa kwenye kile kiti miaka, na upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wanazaliwa. Nilisikia kelele zao kama mnavyosikia kelele za soko, sikuzijali.

Basi mchana mmoja mkunga alikuwa peke yake na mama wawili kwa pamoja. Akatoa kichwa mlangoni, akaniita, "Wewe wa daftari! Njo hapa! Osha mikono!"

Nikasema, "Mimi? Mimi si muganga."

"Nimekuuliza kama uko muganga? Osha mikono!"

Nikaingia. Nikaambiwa nimshike mabegani yule mama aliyekaribia zaidi; mwenzake alikuwa chumba cha pili. Ndugu zangu, nawaambia, mimi mwenyewe nimezaa mara mbili, lakini anayezaa haoni kitu. Siku ile niliona. Kilitokea kichwa, kikageuka chenyewe taratibu kana kwamba mtu anatafuta njia, kisha mabega, kisha mtoto mzima, wa bluu, amenyamaza. Mkunga akamsugua mgongo. Kimya. Akamsugua tena. Mtoto akavuta pumzi, akalia, na ile bluu ikaondoka mwilini mwake mbele ya macho yangu, kuanzia kifuani kwenda kwenye vidole.

Katika chumba kile tulikuwa mkunga, yule mama, mimi, na dada mmoja wa usafi aliyekuwa amesimama na kideki chake. Watu wanne. Mlango haukufunguliwa, hakuna aliyeingia, na sasa tulikuwa watano. Nikahesabu tena. Yule dada wa usafi akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi naona hii kila siku, na kila siku ninatetemeka." Nilirudi kwenye daftari langu, nikaandika mstari mmoja mara mbili.

Kuanzia siku ile nikataka kuwa mkunga. Nilitaka mpaka nikaona haya kwa umri wangu. Lakini ukunga wa kisasa unasomewa lisansi, Bujumbura, kwa miaka, na mimi lisansi ninayo tayari imelala sandukuni. Nikamwambia mume wangu. Mnamjua, ananunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, kule Magara na kuuza hapa sokoni, maneno yake machache. Akafikiri, akasema, "Uko na diplome moja inakula vumbi. Unataka ya pili, ili vumbi lisikae peke yake?"

Niliudhika, lakini alikuwa na haki. Tukakaa mezani, tukahesabu minerivali, ile ada ya chuo, nauli, vitabu, chumba cha kulala kule. Tulipofika kwenye chumba tukaacha kuhesabu. Watu nao wakanipa ushauri. Mmoja akaniambia nifungue duka. Mwingine akaniambia nipande michikichi Kigwena, maana mchikichi haudai mtihani. Kila mmoja alisema kweli, na hakuna aliyeweza kunitoa kile chumba cha kuzalia kichwani.

Kisha nikasikia habari za bursi. Kuna watu wema walikuwa wanalipia masomo ya ukunga kwa wanawake wa pwani hii ya ziwa, kila kitu, hata chumba. Sharti lilikuwa moja: bursi ni ya mtu ambaye hajawahi kupata diplome ya chuo kikuu. Nikachukua fomu. Swali lilikuwepo katikati ya ukurasa, na chini yake vijisanduku viwili, ndiyo na hapana.

Nawaambia nilichofanya. Niliweka alama kwenye hapana. Nikaweka kwenye dosiye, faili la maombi, cheti changu cha sekondari chenye jina la nyumbani, na ile karatasi ya kiapo nikaisukuma chini ya nguo za watoto. Moyoni nikasema, aliyesoma Tanzania si mimi, ni yule binti wa Kigoma, na yeye hayuko hapa. Nikaipata bursi. Nikasimama hapa hapa mbele yenu kutoa shukrani, mkapiga vigelegele. Mnakumbuka. Nisameheni vigelegele vile.

Nikaanza masomo. Wiki za kwanza wakatufundisha takwimu, saikolojia, sosiolojia, namna ya kufanya utafiti. Yote niliyasoma Tanzania. Mwalimu akiuliza, jibu linanipanda kooni. Siku moja likanitoka, nikalijibu lote. Akauliza, "Umesomea wapi hii?" Nikasema nimesoma mwenyewe nyumbani. Tangu hapo nikaanza kujibu vibaya makusudi ili asiniulize tena. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nimekaa darasani najifunza ujinga. Niliona mambo yale yale yaliyonishangaza pale santere yakifunguliwa mbele yangu, jinsi moyo wa mtoto unavyogeuza njia ya damu dakika ile ile anayovuta pumzi ya kwanza, nami siwezi kufurahi hata kidogo, kwa sababu aliyekaa kwenye kile kiti alikuwa mwongo.

Jumamosi moja nimerudi nyumbani, mtu anabisha hodi. Ni yule dada wa usafi. Ameleta chupa ya mawese, mekundu, mapya, ameyakamua nyumbani kwao.

"Nimekuja kukupongeza," akasema. "Sikukuona tangu uende."

"Urakoze cane, asante sana, dada. Karibu ukae."

Akakaa, akaniuliza maswali ya masomo kama mtu mwenye njaa anavyouliza kilichopikwa. Kisha akacheka, akasema, "Na mimi niliomba ile bursi. Sekondari nilimaliza, watu hawajuwi, wananiona na kideki tu. Wameniambia mimi ndiyo wa kwanza wa wale wanaongojea. Nafasi zimejaa. Lakini nimefurahi sana imekuangukia weye, si mutu simujui."

Ndugu zangu, sijui kama mmewahi kusikia neno zuri likawachoma. Nilishika ile chupa, sikuweza kuiweka chini. Kiti nilichokalia kule Bujumbura kilikuwa cha huyu, na amekuja kwa miguu kuniletea zawadi. Alipoondoka nikamwambia mume wangu yote. Hakujua kitu, fomu niliijaza mwenyewe. Akasogeza sahani mbele yangu, akasema, "Kula kwanza. Jumatatu utaenda."

Jumatatu nikaenda kwa yule mama anayesimamia bursi. Nikaweka mezani diplome na karatasi ya kiapo. Nikasema, "Mama, lisansi niko nayo tayari. Jina ni lingine, lakini ni mimi."

Akasoma kiapo pole pole. Akauliza, "Nani amekushitaki?"

"Hakuna."

"Basi umekuja kwa nini?"

Nikamweleza habari za mawese. Hakucheka. Akasema, "Unajua bursi inaondoka leo?" Nikasema najua. Akachukua dosiye yangu, akaifunga, akaiweka upande. Nikainuka nikaaga. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

Alikuwa ameshika orodha ya masomo iliyobanwa nyuma ya diplome yangu, anaifuata kwa kidole. "Takwimu. Saikolojia. Sosiolojia. Utafiti. Haya yote uliyafaulu?"

"Ndiyo, mama."

"Na chuo hawakukupa dispanse?"

Sikujua neno hilo. Akanieleza kwamba anayekuja na lisansi nyingine anaweza kuomba asamehewe masomo aliyokwisha kufaulu. Hayasomi tena, wala hayalipii. Na anayesamehewa mengi anaweza kugawa yaliyobaki, asome siku chache za wiki, abaki na kazi yake. Akaniandikia barua kwa mkono wake niipeleke ofisi ya masomo. Mwanamke niliyemdanganya, nawaambia, akatafuta bahasha, akanipa barua.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile, nikaisoma barua tena. Kumbe wiki zote zile nilikuwa nimejifanya sijui masomo ambayo nisingedaiwa hata kuyasoma. Mlango niliokuwa nautafuta ulikuwa kwenye karatasi ile ile niliyoificha chini ya nguo za watoto. Mungu wangu! Niliogopa, na sikuogopa adhabu. Niliogopa kama mtu aliyegundua kwamba kuna aliyekuwa chumbani naye wakati wote.

Ofisi ilikubali. Ada ikapungua, siku zikapungua. Alhamisi hadi Jumamosi nasoma, siku nyingine nashika daftari pale santere. Haikuwa rahisi, sitawadanganya tena. Tumekula ndagala mpaka watoto wakaniuliza kama ng'ombe wameisha duniani. Mwaka mmoja niliacha somo moja kwa kukosa ada, nikalirudia mwaka uliofuata. Lakini darasani nilijibu maswali yote niliyoyajua, kwa sauti.

Na yule dada wakamwita wiki ile ile. Nilikwenda kwake mwenyewe kumwambia kwa nini. Alinisikiliza, akalia kidogo, akaniambia, "Ungenyamaza singejua." Basi. Akaenda kufunga mzigo wake. Msigeuke kumtafuta, ameniomba nisimtaje.

Mwezi uliopita nilizalisha kwa mara ya kwanza kwa mikono yangu, mchana, hospitalini, tukiwa kwenye mazoezi. Kwa sababu ya ratiba yangu ya siku chache, yule dada amenitangulia, amekwisha kuzalisha wengi, ndiye aliyewekwa kunisimamia. Kichwa kilipotokea nikaanza kukivuta. Akaweka mikono yake juu ya yangu, akasema, "Usivute. Anajua njia. Weye mupokee tu." Mtoto akatoka. Wa bluu. Amenyamaza. Nikamsugua, hakulia. Nikaganda pale, na vitabu vyote vikanitoka kichwani. Yeye hakuganda. Alifuta pua na mdomo, akamgeuza, akampulizia pumzi kwa ile barakoa ndogo, mara moja, mara mbili, anahesabu kwa sauti ya utulivu kabisa. Na mtoto akalia. Msichana. Yuko hai leo hii, yuko Kigwena, ananyonya.

Nimejiuliza mara nyingi. Ningeshikilia ile bursi, dada huyu angekuwa wapi saa ile? Angekuwa na kideki pale santere. Na mikono iliyokuwa juu ya mtoto yule ingekuwa yangu peke yangu, iliyoganda.

Nashukuru mume wangu aliyesema "kula kwanza". Nashukuru mama wawili wa kanisa hili waliokaa na watoto wangu kila Alhamisi bila kuniuliza nitarudi lini. Nashukuru yule mama wa bursi, na kaka wa basi dogo anayenibeba hadi Bujumbura bila nauli na kuniambia nimlipe atakapozaa mkewe. Murakoze, murakoze cane.

Baadhi yenu mmenifuata mkiuliza kama mrudi chuo mara ya pili, na mfuko haujai. Sina jibu la kila mtu. Ila nawasihi, kabla ya kuifikiria ya pili, toeni ile ya kwanza sandukuni, muipeleke ofisini wazi, kwa majina yenu yote, muulize mmebakiza nini. Na kama kuna swali mmelijibu hapana, na jibu ni ndiyo, rudini mkalijibu upya. Nendeni kabla hamjaitwa. Kuna mtu anangojea hicho kiti, na hamjui mikono yake itamshika mtoto wa nani.