Viatu vya Fortunat juu ya mukeka wa Mama Dative

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo nitawasimulia maisha ya Mama Dative Uwingabire wa Kyeshero, hapa Goma, na nitayasimulia nikiwa na hasira. Mutanisamehe. Nilijaribu kuandika maneno matamu, kalamu ikakataa.

Mama Dative alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na nane. Narudia kwa wale wanaofungua redio sasa: Mama Dative Uwingabire, aliyeuza nguo za watoto mu soko la Virunga, ametutoka Jumanne. Tulimuzika Ijumaa.

Alizaliwa Rutshuru. Alikuja Goma akiwa musichana, akaolewa, akabaki mujane na binti mumoja, Mapendo. Mu mwaka wa deux mille onze, elfu mbili kumi na moja, alipanda ndege mara ya kwanza, akaenda Bangkok, kule Tailandi, kutafuta nguo za kuuza. Siku ya kwanza tu, akaharibu. Aliingia mu duka la mama muzee mumoja, akaona mujukuu wake amekaa chini, akamuwekea mukono juu ya kichwa, akamubariki. Sisi wote tungefanya hivyo. Hapa kwetu mugeni asipomugusa mutoto kichwa, mama wa mutoto anajiuliza amekosa nini. Lakini kule kichwa ndio mahali pa heshima kupita pote mu mwili wa mutu, na mugeni hakigusi. Mama muzee akamuvuta mujukuu wake. Hakuna aliyemuuzia hata soksi.

Mwingine angetukana. Mama Dative alirudi kesho yake. Aliacha viatu mulangoni, akaunganisha viganja mbele ya kifua kama alivyoona watu wa kule wanafanya, akainamisha kichwa. Hakujua neno hata moja la lugha yao. Mama muzee akamuangalia, akamuangalia, halafu akamuvutia mukeka. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na tatu.

Kutokea hapo, wafanyabiashara wengi wa Goma hawakuenda Bangkok bila kupita kwanza kwa Mama Dative. Alifundisha bure, mu salon yake, sebule ya nyumba, kila Alhamisi muchana. Viatu mulangoni. Nyayo usizielekeze kwa mutu. Sauti chini, hata ukipandishiwa bei. Sanamu yao ya kuabudia usiipande, usiigeuzie mugongo kwa kupiga foto. Na ukipewa kitu, pokea kwa mukono wa kuume, wa kushoto ukishika kiwiko. "Hii bibi zenu walishawafundisha," alikuwa anawaambia. "Kule munaenda kuikumbuka tu."

Watu walimucheka. Hapa tunatembea juu ya mawe ya volkano, yanakata. Nani anaacha viatu nje? Watoto wa avenue, wa mutaa wake, walimuita Mama Miguu-Wazi. Naye akawajibu kwamba miguu yake imepanda ndege, yao je?

Sasa tunafika mahali panaponichoma. Kuna mufanyabiashara wa mutaa wa Himbi, Fortunat. Jina la baba yake nitaliacha, kwa heshima ya baba. Fortunat alikaa juu ya mukeka wa Mama Dative Alhamisi tatu nzima. Alisikia yote. Mama Dative akamutuma kwa mama muzee, kwa jina lake mwenyewe. Mwaka jana bwana huyu akafika kule, akapanda sanamu yao, akakanyaga na viatu juu ya magoti ya ile sanamu, akapiga foto, akaiweka mu telefone dunia yote ione. Soko lote la Bangkok likaona. Mama muzee akafunga mulango kwa watu wote wa Goma. Wamama kumi na mumoja wa soko la Virunga wakabaki bila nguo za kuuza. Wa kwanza, Mama Dative.

Hakuomba kitu kikubwa. Alimuomba Fortunat apige telefone kwa mama muzee, aseme neno moja: samahani. Moja tu. Mapendo alishapata mutu wa kutafsiri. Mama Dative alienda Himbi mara tatu, na tansio yake, ile damu inayopanda, kwa miguu. Mara ya tatu Fortunat alimujibia palepale mulangoni, hata kiti hakumupa.

"Mama, mimi ni mukristo. Siombi samahani kwa mutu anayeabudu jiwe."

Wasikilizaji, Mama Dative aliimba mu korali ya parokia miaka ishirini. Mapendo alikuwa pale, amenipa jibu la mama yake neno kwa neno: "Mwanangu, sikukutuma kuabudu. Nilikutuma nyumbani kwa watu."

Akarudi Kyeshero. Akangoja. Amekufa akingoja.

Alhamisi, siku yake ya kufundisha, tulikuwa kwenye kilio mu salon ileile. Viatu vyetu vyote nje. Mutoto wangu alikuwa amelala mugongoni. Fortunat akaingia. Suti, maua makubwa, na viatu. Viatu vyenye vumbi jeusi la Goma, juu ya mukeka aliofundishiwa. Mapendo hakupaza sauti. "Papa Fortunat, viatu." Akajibu kwamba hapa ni Goma, si Bangkok.

Palepale telefone ya Mapendo ikalia. Alikuwa mama muzee, kwa video. Mapendo alikuwa amemutumia habari ya kifo. Maneno hatukuyaelewa. Tulimuona tu, miguu wazi, amepiga magoti, akainama polepole mpaka paji la uso likagusa sakafu. Pembeni yake mujukuu, sasa kijana mukubwa. Kijana akachukua kiganja chake mwenyewe, akakiweka juu ya kichwa chake, pale Mama Dative alipoweka mukono wake siku ile. Akakiacha hapo.

Fortunat aliona. Aliweka maua chini, akatoka na viatu vyake miguuni.

Mapendo, pole sana. Pole kwa familia yote, Rutshuru na Kyeshero. Poleni wamama wa soko la Virunga. Na sisi wengine tujiulize: tunaowakaribisha wageni kila siku, tunaolalamika wanapotudharau, sisi tukienda kwa watu tunakuwa nani? Mimi namulea mutoto mu muji huu. Sitaki ajifunze kwamba imani ni ruhusa ya kukanyaga.

Papa Fortunat, najua unasikiliza. Namba ya mama muzee iko kwa Mapendo, na Mapendo hajakufungia mulango. Nenda. Viatu, acha nje.