Bahasha ya Daktari Sietske

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Daktari Sietske Wiarda, aliyefariki Jumanne iliyopita hapa Leeuwarden akiwa na miaka themanini na mmoja. Kwa miaka thelathini alitibu mkanda wa jeshi. Wengi wenu aliwatibu, na wengi zaidi aliwagombeza.

Ugomvi wake ulikuwa mmoja: mnakawia. Mtu anatokwa na malengelenge, anameza panadoli, anarudi kukamua ng'ombe. "Hiyo ni tetekuwanga yako ya utotoni imeamka," alizoea kusema, "na haingoji umalize kazi." Siku tatu, wasikilizaji. Dawa ya virusi ianze ndani ya siku tatu.

Lakini kwa wenye kinga dhaifu, dawa hiyo peke yake mara nyingine haikutosha. Sietske akajiuliza: je, tukiongeza dripu ya kingamwili, zilizotolewa kwenye damu ya waliopona? Akaanzisha jaribio. Nusu ya wagonjwa walipewa vidonge na dripu, nusu vidonge tu. Bahasha iliyofungwa ndiyo iliyoamua nani apate nini. Aliyepitisha siku tatu hakuingizwa.

Siku moja akaja mdogo wake, Durk, mfugaji, ambaye alikuwa ametoka kutibiwa saratani. Upele ulishamfika kwenye jicho la kushoto.

"Siku ngapi?" Sietske akauliza.

"Mbili."

"Una hakika, Durk?"

"Kuhesabu najua, dada."

Bahasha ikafunguliwa. Vidonge tu. Muuguzi wake, Baukje, anakumbuka: "Nilimwambia, daktari, huyu ni mdogo wako, chukua bahasha nyingine. Akanitazama kama nimemtukana."

Durk akapofuka jicho la kushoto.

Jaribio lilipokwisha, dripu ilionekana kuwasaidia baadhi, si wote. Sietske aliandika hivyo hivyo, bila kupamba. Ila tangu mwaka ule, kila Jumapili alikwenda kwa Durk kumsomea gazeti.

"Nilimwambia jicho la kulia ni zima," anasema Durk. "Akaniambia nyamaza, sikiliza."

Jana, baada ya maziko, tukinywa kahawa na keki, Durk aliomba kipaza sauti chetu. Maneno yake ni haya:

"Zilikuwa siku tano. Ng'ombe watatu walikuwa wanazaa, na niliogopa dada atanigombeza. Miaka ishirini na miwili amenisomea gazeti akidhani bahasha ile ndiyo iliyonipofua. Kila Jumapili nilisema leo namwambia. Halafu anafungua gazeti."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mumewe, Wobbe. Tunampa pole Baukje. Na wewe, Durk, pole sana.

Na wewe unayetusikia, ambaye ubavu unawaka moto na malengelenge yameanza kutoka, mpigie daktari wako sasa hivi. Akikuuliza siku ngapi, mwambie siku ngapi.