Bi Kundi, Aliyeuliza Damu Kabla ya Kupima Kiuno

Marehemu mama yetu, fundi cherehani mliyemzoea kwa jina la Bi Kundi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa seremala na mkewe. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akaenda kwa shangazi yake kujifunza ushonaji, na tangu hapo hakuachana na cherehani.

Mwaka 1972 aliolewa na dereva wa lori, na mwaka uliofuata akajaliwa mtoto wa kiume, mzima kabisa. Wa pili alizaliwa 1975 akiwa manjano mpaka ndani ya macho, akafariki kabla ya kupewa jina. Wa tatu, mwaka 1978, alizaliwa hana uhai. Watu hawakukosa la kusema: huyo ana mkosi. Mume naye akayaamini, akafungasha virago. Marehemu akabaki na mwanawe, na nguo mbili ndogo alizokuwa amekwisha kuzishona. Alikuwa mpweke, wala hakuficha.

Miaka mingi baadaye mteja wake mmoja, muuguzi wa wodi ya wazazi, alisikia habari hizo akampeleka kupima.

"Dada, damu yako ni hasi," alimweleza. "Mtoto wa kwanza alikuwa na damu chanya, ya baba yake. Ulipomzaa, kidogo ikaingia mwilini mwako, mwili ukajifunza kuipiga vita. Waliofuata ndio wakaumia. Kuna sindano ya kuzuia hayo, ila wewe hukuipata."

"Kumbe sikuwa na mkosi!" Alilia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa.

Mwanawe alipoelezwa, aliuliza, "Kwa hiyo ni damu yangu, mama?"

"Wewe ulitangulia tu, mwanangu. Kutangulia ni kosa?"

Tangu hapo hakushona gauni la mjamzito bila kuuliza kundi la damu. "Ala! Nimekuja kushonewa, sikuja kuposwa!" wengine walimjia juu. Yeye futi shingoni, habanduki: "Kapime kwanza, kiuno hakikimbii." Hata mkwe wake, anayewasomea wasifu huu, siku ya kutambulishwa aliulizwa damu kabla ya kuulizwa hali. Akakutwa hasi. Alipojifungua mwaka 2001, mji wa mbali, marehemu alipanda basi, akaketi kwenye benchi la wodi. "Siondoki hapa mpaka achomwe ile sindano." Akachomwa. Mjukuu wa pili alizaliwa 2004 akilia kwa nguvu zote; bibi yake alimtazama macho, akayaona meupe, akakataa kumpa mtu mwingine ambebe.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Tulimsihi ahamie kwetu. "Nani atawauliza hawa wajawazito damu?" akajibu. Alifariki tarehe 14 Juni 2023, nyumbani kwake, peke yake. Jirani alimkuta asubuhi.

Ameacha mwana, mkwe na wajukuu wawili. Watoto wake wawili walimtangulia. Zile nguo zao tumemwekea kifuani. Nanyi akina mama mliojaa mpaka uani na watoto wenu, asanteni. Nyumba hii hakuwahi kuiona hivi. Alizoea kupakua sahani moja. Apumzike kwa amani, na safari hii asiwe peke yake.