Daktari Aliyekataa Kuiita Saratani Jiwe

Baada ya miaka thelathini na minne katika idara ya upasuaji wa figo ya hospitali yetu, Dk. Vesela Pancharova anastaafu tarehe 30 Juni. Mimi ni daktari wa usingizi niliyewalaza wagonjwa wake kwa muda mrefu. Nikichelewa kidogo, aliniuliza kama anayelala ni mgonjwa au mimi.

Ni mzaliwa wa Gabrovo, mji ambao watu wake hutaniwa kwa ubahili, na ubahili huo aliuleta mpaka kwenye kisu. Wengine wakitoa figo nzima kwa uvimbe mdogo, yeye aliondoa uvimbe tu na kuiacha figo iendelee na kazi. Kijana bado ana maisha marefu mbele yake, alisema, kwa nini umnyang'anye figo nzima?

Kwetu saratani haitajwi mbele ya mgonjwa, hasa akiwa kijana. Familia huambiwa ukweli, naye mgonjwa hutungiwa hadithi kwamba ni jiwe tu la figo. Vesela aliifuata desturi hiyo mpaka tulipompasua fundi vigae mmoja. Kijana alipona vizuri, akaamini jiwe limekwisha, hakurudi kupimwa. Alipokuja kurudi akiwa mgonjwa, saratani ilikuwa imefika mapafuni. Tulimzika kabla hajaoa.

Kisha miaka kumi iliyopita, mwalimu wa chekechea aitwaye Ralitsa Mincheva alipokutwa na uvimbe kwenye figo, mama yake, Genka, alitukamata mimi na Vesela kwenye korido.

"Daktari, nakuomba, mwambie ni jiwe. Huyu atakufa kwa woga kabla hujamgusa."

"Mama, jiwe likitoka mtu husahau. Huyu nataka arudi kwangu kila mwaka."

"Unasema hivyo kwa kuwa huna mtoto."

Niliona neno hilo lilivyomchoma Vesela. Hata hivyo aliingia chumbani kwa mgonjwa, akafunga mlango, akamweleza Ralitsa kila kitu. Binti alilia, kisha akauliza kama ataweza kuzaa. Akajibiwa kwamba hakuna cha kumzuia, ila asiache kupimwa. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini Genka aliendelea kumpita daktari bila salamu.

Mwaka wa nne baada ya upasuaji, kipimo kilionyesha kidoa kwenye figo ya pili. Kilikuwa kidogo, tukakitoa mapema, na figo zote mbili zinafanya kazi mpaka leo. Ralitsa ana mtoto wa kiume anayekimbia kwenye wodi yetu kama nyumbani kwao. Vijana wengi kama yeye wako hai mjini hapa, nasi tunajivunia mno mwanamke aliyewaambia ukweli.

Wiki iliyopita Ralitsa alikuja kwa kipimo cha mwaka wa kumi, cha mwisho mikononi mwa Vesela. Picha zilikuwa safi. Vesela alitoka nazo akitabasamu, akamkuta Genka peke yake kwenye benchi, akataka kumpa habari njema hapo hapo. Genka akainua mkono kumzuia.

"Mwambie Ralitsa mwenyewe kwanza, Daktari. Mimi nitasubiri."

Asante, Vesela, kwa kila mmoja uliyemwachia figo yake na ukweli wake. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua liwe juu, na afya uliyowapigania wengine ikae na wewe.