Mama Taratibu na Njia Aliyoifunga Mwenyewe

Mratibu wetu wa shughuli za nje anastaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi katika kikundi chetu cha hifadhi. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Taratibu, na baadhi ya waliojiunga mwaka huu wanadhani ndilo jina lililo kwenye kitambulisho chake.

Alikuja tukiwa na chumba kimoja nyuma ya maktaba, baiskeli chache za kuazimisha na meza yenye mguu mmoja mfupi. Yeye peke yake ndiye aliyeajiriwa. Sisi wengine tunajitolea, yaani tunakuja tukijisikia. Kusimamia watu wa namna hii kunataka roho ngumu na ulimi mtamu, naye alijaliwa vyote viwili. Tulipobishana juu ya ramani tangu asubuhi, yeye alimenya chungwa lake, akasubiri tuchoke, kisha akauliza swali moja tu: mzee mwenye baiskeli isiyo na gia atapandaje hapo?

Ndiye aliyeleta utaratibu ambao hadi leo hatuuvunji. Njia mpya haifunguliwi mpaka mwenzetu aliye mzito kuliko wote aimalize bila kushuka. Kwa muda mrefu mtu huyo alikuwa mweka hazina, ambaye ameomba nisimtaje, nami simtaji. Mama Taratibu mwenyewe huendesha nyuma kabisa, kila safari, asije akaachwa mtu mwenye pancha huku wengine wanapiga soga mbele.

Makosa tumeyafanya pia. Mwaka tulioishiwa vibao tulichora mishale kwenye vichuguu, na wazo lilikuwa la kamati nzima, asijitoe mtu. Mchwa hawakujali. Baada ya mvua walijenga upya, wakafunika mishale mingine na kuipinda mingine, na Jumapili moja familia kadhaa zikaishia kwenye zizi la ng'ombe. Mama Taratibu alikwenda kumwomba radhi mwenye zizi, akajikaza asicheke, akashindwa, wakacheka wote wawili.

Kosa kubwa halikumchekesha mtu. Njia aliyoipenda kuliko zote ilipita msitu wa juu hadi kwenye chemchemi. Aliipanga yeye, tukaisawazisha kwa majembe msimu mzima, na fundi wa kuchomelea, rafiki yake wa tangu utotoni, akatujengea daraja la chuma juu ya kijito bila kudai chochote. Lilikuwa daraja zuri kweli. Maharusi walipanda hadi kule kupiga picha.

Tatizo ni kwamba tulifanya kazi vizuri mno. Mama Taratibu, akiwa nyuma kama kawaida, ndiye aliyeona vumbi la mbao kwenye mianya ya daraja, na alama za magurudumu mapana kuliko ya baiskeli. Wakata magogo walikuwa wamepata barabara. Tuliweka vizuizi, vikang'olewa. Tulipanga zamu za ulinzi, tukatishiwa mapanga. Chemchemi ikaanza kukauka. Ndipo alipoleta hoja kwenye mkutano kwamba daraja liondolewe na njia yote ipandwe miti.

Mkutano ule sitausahau. Waliomwita msaliti walikuwa watu aliowafundisha kuendesha baiskeli. Hoja ilipita kwa taabu, na fundi akaondoka bila kuaga. Vyuma vya daraja tulimpelekea karakanani kwa mkokoteni. Mama Taratibu hakwenda nasi. Alibaki msituni kusimamia miche. Tangu hapo, wawili hao wakikutana sokoni, kila mmoja alijifanya anachagua nyanya.

Leo chemchemi inatiririka tena, na wageni humsifu kwa hilo. Wasifu huu ungeweza kuishia hapo. Lakini tulipomuuliza anataka aagwe vipi, hakutaka keki wala hotuba. Alitaka twende msitu wa juu, baiskeli tuziache getini tupande kwa miguu, na fundi aalikwe. Nilitumwa mimi. Fundi alinijibu, bila hata kuvua miwani yake ya kuchomelea, kwamba ataangalia.

Siku ilipofika tulimkuta fundi ameshatangulia, kakaa juu ya jiwe karibu na geti. Kwenye kijito fundi alitafuta mahali nguzo za daraja lake zilipokuwa, akaenda huku, akarudi huku, asipaone. Miti imepajaza pote. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba tangu maji yaliporudi alijua rafiki yake alikuwa na haki. Kilichomkaa rohoni ni kwamba vyuma vyake vililetwa na watu wengine, na hakuna aliyemwambia pole.

Mama Taratibu akamshika mkono akamwambia pole, kaka yangu, na kwamba alishindwa kwenda siku ile kwa sababu daraja lile naye alilipenda, na aliogopa akifika ataubatilisha uamuzi wake mwenyewe. Wakalia. Sisi tukajifanya tunatafuta ndege mitini, na hatukuona ndege yeyote, maana macho yetu nayo hayakuwa makavu.

Tuliporudi getini, fundi aliminya breki ya baiskeli ya Mama Taratibu, akasonya, akaondoka nayo bila kuomba ruhusa.

Dada yetu, ahsante kwa njia zote ulizotufungulia, na zaidi kwa ile uliyoifunga. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na asubuhi nyingi zisizo na kikao. Na kuna ujumbe nimepewa niufikishe: fundi anasema baiskeli iko tayari, ila safari hii uifuate karakanani mwenyewe.